Papas arrugadas na mojo za Visiwa vya Kanari: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Papas arrugadas ni chakula gani hasa?

Ni viazi mviringo vidogo vinavyochemshwa bila kumenywa katika maji machache yenye chumvi nyingi, kisha maji humwagwa na sufuria hurudishwa motoni mpaka maganda yakauke, yajikunje na kufunikwa na utando mwembamba mweupe wa chumvi. Huliwa pamoja na maganda yake, vikichovywa katika mojo, ambalo ni jina la jumla la sosi za baridi zinazotengenezwa kwa kitunguu saumu, jira, mafuta na siki, pamoja na ama pilipili nyekundu ama majani mabichi. Chakula hiki ni cha Visiwa vya Kanari, ambavyo ni sehemu ya Hispania kiutawala, ingawa vimekaa upande wa Afrika, na kisiwa cha Fuerteventura kiko umbali wa takriban kilomita 100 tu kutoka bara.

Mtu anayekisikia kwa mara ya kwanza hudhani kwamba ni viazi vya kuchemsha vilivyotiwa chumvi zaidi. Sivyo. Kuchemsha ni nusu tu ya kazi, na nusu ya pili, yaani kukausha, ndiyo inayokipa chakula hiki ladha na sura yake. Majibu mengi yanayofuata yanarudi kwenye jambo hilo, kwa sababu makosa mengi ya wapishi wapya hutokea katika dakika zile chache baada ya maji kumwagwa.

Viazi vilifikaje katika visiwa hivyo?

Viazi asili yake ni milima ya Andes huko Amerika ya Kusini. Visiwa vya Kanari vilikuwa kituo cha meli za Hispania zilizokwenda na kurudi Amerika, na viazi vilianza kulimwa huko mapema kuliko katika sehemu kubwa ya Ulaya. Kumbukumbu za usafirishaji zinaonyesha kwamba mwaka 1567 viazi vilipelekwa kutoka Gran Canaria hadi Antwerp, na mwaka 1574 vingine vilitoka Tenerife kwenda Rouen nchini Ufaransa. Zao linalouzwa nje ni zao ambalo tayari limekwisha kuzoea udongo wa mahali, kwa hiyo wakulima wa visiwani walikuwa wakilima viazi kabla ya tarehe hizo.

Wakulima wa Tenerife na visiwa jirani wamehifadhi aina za kale ambazo hazikupotea, nyingi zikiwa na undugu wa karibu na viazi vya Andes kuliko na vile vilivyoenea Ulaya katika karne za baadaye. Aina hizo huitwa kwa pamoja papas antiguas, na jina hilo linalindwa na sheria za Umoja wa Ulaya kama jina la zao la asili ya mahali maalumu. Inayosifiwa zaidi ni papa negra, yenye ganda jeusijeusi na nyama ya njano iliyokolea kama kiini cha yai. Nyingine ni zile za kundi la bonita, pamoja na azucena na borralla. Huwa ndogo, zina macho yaliyodidimia, na bei yake hata visiwani ni kubwa kuliko ya viazi vya kawaida.

Je, ninaweza kupika bila viazi vya Kanari?

Unaweza, na wenyeji wengi wa visiwani pia hutumia viazi vya kawaida siku za kazi. Kinachohitajika ni viazi vidogo, vyenye ukubwa unaokaribiana, ganda jembamba lisilo na majeraha, na nyama inayoshikamana baada ya kupikwa. Viazi vyenye unga mwingi, ambavyo ni vizuri kwa chipsi na kwa kuponda, hupasuka upesi katika mapishi haya. Msomaji wa Kenya anayetumia Shangi akumbuke kwamba aina hiyo huiva haraka, kwa hiyo aanze kuijaribu kwa ncha ya kisu mapema kuliko maelezo yanavyosema. Nchini Tanzania, viazi vya Njombe, Mbeya au Lushoto vinafaa ukichagua vidogo vilivyokomaa. Viazi vikubwa visikatwe vipande, kwa maana upande uliokatwa hauna ganda la kuzuia chumvi, na kipande hicho hakitalika.

Ni chumvi kiasi gani inatakiwa?

Kwa kilo 1 ya viazi na maji ya kuvifunika tu, ambayo katika sufuria ya wastani ni karibu lita 1, tumia gramu 200 hadi 250 za chumvi ya mawe ya baharini. Kiasi hicho humshtua mpishi, lakini kisipunguzwe sana, kwa sababu bila hicho maganda hayatajikunja na utando mweupe hautatokea. Chumvi laini ya pakiti inaweza kutumika pia, mradi ipimwe kwa mizani, kwa kuwa kikombe cha chumvi laini na kikombe cha chumvi ya mawe havina uzito sawa.

Wapo wanaopima kwa kuangalia kiazi kikielea. Kipimo hicho ni cha kweli. Kiazi ni kizito kuliko maji ya bahari ya ujazo uleule, kwa hiyo huzama katika maji ya bahari, ambayo yana takriban gramu 35 za chumvi kwa lita. Ili kielee, maji yanahitaji kama gramu 120 kwa lita au zaidi, kutegemea wingi wa wanga uliomo katika kiazi. Ukiona viazi vimeinuka kutoka chini ya sufuria, chumvi yako inatosha kuanza kazi.

Viazi havitakuwa na chumvi isiyovumilika?

Ndani havitakuwa hivyo. Ganda zima huzuia chumvi nyingi isipenye, na muda wa kuchemka ni mfupi. Chumvi hubaki juu ya ganda, ukaionja kwanza ulimini, kisha ikafuatwa na utamu wa kiazi, na tofauti hiyo ndiyo raha yenyewe ya kukila. Hata hivyo, hiki si chakula cha chumvi kidogo. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, na anayekula ganda lote la viazi vingi anaweza kukifikia kiwango hicho kwa urahisi. Mwenye shinikizo la damu au maradhi ya figo apanguse utando kwa kitambaa kikavu, ale viazi vichache, na mojo yake itengenezwe bila chumvi. Au, kwa maoni yangu, amenye kabisa ganda na kubaki na nyama peke yake, maana bado ni tamu sana ikichovywa.

Hatua za kupika ni zipi?

Osha viazi kwa kuvisugua taratibu bila kuchubua ganda, kisha vipange katika sufuria pana ili visirundikane sana. Mimina maji ya baridi mpaka yavifunike kwa shida, tia chumvi, koroga, na uweke juu ya moto mkali. Yakianza kuchemka, punguza moto uwe wa wastani na ufunike. Visiwani watu wengi huweka kitambaa safi juu ya viazi kabla ya mfuniko ili mvuke ubaki ndani, na ukifanya hivyo hakikisha kwamba pembe za kitambaa hazining'inii karibu na moto. Viazi vyenye ukubwa wa yai dogo huchukua dakika 20 hadi 25. Vijaribu kwa kisu chembamba au kijiti: kikipenya bila kulazimishwa, vimeiva, na kila dakika ya ziada ndani ya maji sasa inaviharibu.

Mwaga maji yote, au bakisha kijiko kimoja au viwili tu chini ya sufuria. Rudisha sufuria juu ya moto mdogo bila mfuniko, na uitikise kwa kushika masikio yake ili viazi vizunguke. Usikoroge kwa mwiko, kwa sababu mwiko huchana maganda. Kwanza utaona mvuke mwingi, kisha maganda yatapoteza mng'ao wa maji, halafu weupe utaanza kutokea kwenye viazi na kwenye kuta za sufuria, na mwishowe mikunjo midogo itaonekana. Kazi hii huchukua dakika 3 hadi 6. Zima moto, funika sufuria kwa kitambaa, na uache viazi vipumzike dakika 5 nyingine, kwa kuwa mikunjo huendelea kuongezeka vinapopoa kidogo.

Kwa nini maganda hujikunja?

Maji yenye chumvi nyingi huvuta maji kutoka katika chembechembe za ganda na za nyama iliyo chini yake. Baada ya maji ya sufuria kumwagwa, moto hukausha unyevu uliobaki juu, chumvi iliyoyeyuka inageuka tena kuwa chenga, na ganda ambalo limepoteza maji hulegea na kufanya mistari.

Nimefuata maelezo yote lakini viazi vyangu vimebaki laini na vinang'aa. Nimekosea wapi?

Mara nyingi tatizo ni kuogopa hatua ya kukausha, yaani kuzima moto mara tu maji yanapokwisha. Ganda lenye unyevu haliwezi kujikunja, na mvuke uliofungiwa ndani ya mfuniko hulirudisha katika ulaini wake. Sababu nyingine ni maji mengi mno: gramu 250 za chumvi katika lita 3 za maji ni dhaifu, hata kama uzito wa chumvi ulipimwa sawasawa. Pia sufuria ndefu na nyembamba hubana mvuke katikati ya viazi, ilhali sufuria pana huuachia. Viazi vichanga vilivyovunwa karibuni, vyenye ganda linaloondoka kwa kusuguliwa na kidole, huchanika kabla ya kujikunja, kwa hiyo chagua vilivyokomaa.

Vikipasuka, sababu huwa ni moto mkali wakati wa kuchemka, kupitiliza muda, au aina ya viazi vyenye unga. Kiazi kilichopasuka kiondolewe kabla ya kukausha, kwa kuwa chumvi itaingia katika ufa.

Je, sufuria ya alumini inafaa?

Sufuria nyembamba ya alumini huweza kutobolewa vishimo vidogo na chumvi iliyokaukia ndani yake. Sufuria ya chuma kisichoshika kutu au ya enameli ni bora. Kama una ya alumini tu, ioshe mara tu viazi vinapotoka, na maji ya chumvi uliyoyamwaga yasipelekwe bustanini, maana yataua mimea.

Inasemekana kwamba zamani vilipikwa kwa maji ya bahari. Nami nifanye hivyo?

Maelezo ya wenyeji ni kwamba maji ya bahari yalitumika kwa sababu maji matamu yalikuwa haba, hasa katika visiwa vikavu kama Lanzarote na Fuerteventura. Sufuria ikiachwa ichemke mpaka maji yapungue sana, chumvi ya bahari hujikusanya na kutosha kukunja maganda. Leo sishauri mtu achote maji ufukweni karibu na mji au bandari, kwa sababu kuchemsha huua vijidudu lakini hakuondoi mafuta ya vyombo wala kemikali. Chumvi nzuri ya bahari inatosha. Visiwa vyenyewe vina mashamba ya chumvi yanayojulikana, kama Salinas de Janubio kisiwani Lanzarote na yale ya Fuencaliente upande wa kusini wa La Palma, ambako maji ya bahari hukaushwa na jua na upepo katika vidimbwi vilivyo katikati ya mawe meusi ya volkano.

Mojo nyekundu hutengenezwaje?

Mojo nyekundu kali, iitwayo mojo picón, hutegemea pilipili zilizokaushwa. Kisiwa cha La Palma ndicho chenye sifa kubwa kwa pilipili hizo, nyingine zikiwa kali na nyingine zisizo kali kabisa, na wapishi huzichanganya ili wapate rangi na unene kutoka kwa zile tamu, na ukali kutoka kwa zile kali. Asiyezipata anaweza kutumia pilipili nyekundu za Kashmir zinazouzwa katika maduka ya viungo mjini Mombasa na Dar es Salaam, kwa kuwa zina rangi nyingi na ukali wa wastani, pamoja na pilipili kali moja kwa kadiri ya uvumilivu wa walaji.

Chukua pilipili 4 au 5 kubwa zilizokauka, uzitoe mbegu na nyuzi za ndani, na uziloweke katika maji ya moto kwa nusu saa. Kaanga kijiko kidogo 1 cha jira, yaani bizari nyembamba, katika kikaango kikavu mpaka harufu itoke, lakini isibadilike kuwa nyeusi. Twanga jira pamoja na punje 5 au 6 za kitunguu saumu na nusu kijiko kidogo cha chumvi ya mawe. Chenga za chumvi husaidia kusaga kitunguu. Ongeza pilipili zilizolainika na kijiko kidogo 1 cha paprika, endelea kutwanga mpaka rojo iwe laini, kisha mimina mililita 150 za mafuta ya zeituni kidogo kidogo huku ukikoroga. Malizia kwa vijiko 3 vikubwa vya siki. Rojo ikiwa nzito sana, ilegeze kwa maji kidogo uliyolowekea pilipili. Wengine hutia kipande cha mkate wa kukaanga au lozi zilizotwangwa ili iwe nzito, na hilo halina ubaya.

Na mojo ya kijani?

Hii hutumia majani ya giligilani, ambayo wengine huyaita dania au kotmiri, na mpishi aliyezoea chatne ya kotmiri ataitambua mara moja, ingawa hapa hakuna ndimu wala nazi na mafuta ni mengi zaidi. Twanga punje 4 za kitunguu saumu na nusu kijiko kidogo cha jira pamoja na chumvi, ongeza fungu kubwa la majani yaliyooshwa na kukaushwa vizuri, kisha nusu ya pilipili hoho ya kijani, ile ambayo Zanzibar huitwa pilipili boga, ikiwa imekatwakatwa. Tia mililita 120 za mafuta polepole. Siki, vijiko 2 vikubwa, iwekwe mwisho kabisa, karibu na wakati wa kula, kwa sababu tindikali hugeuza kijani kibichi kuwa rangi ya zeituni iliyofifia ikikaa kwa saa nyingi. Kuna mojo ya namna hiyohiyo inayotengenezwa kwa majani ya parsli badala ya giligilani, na hiyo ni tulivu zaidi kwa asiyependa harufu kali.

Nitumie kinu au blenda?

Kinu. Blenda hukata, ilhali mchi hukamua, na mafuta ya kitunguu saumu na ya jira hutoka vizuri zaidi yanapokamuliwa. Isitoshe, mafuta ya zeituni yakizungushwa sana katika blenda huweza kuwa na uchungu, na sosi hugeuka povu jepesi lisiloshika kwenye kiazi. Anayelazimika kutumia blenda kwa sababu ana wageni wengi asage viungo vikavu na siki kwanza, kisha mafuta ayachanganye kwa kijiko nje ya mashine. Nyumbani, kwa watu wanne au watano, sioni sababu ya kuiwasha.

Siki ya mvinyo ni ya lazima?

Visiwani siki ya mvinyo ndiyo ya kawaida. Msomaji asiyetumia kitu chochote kinachotokana na mvinyo anaweza kutumia siki ya tufaha, ambayo ukali wake unakaribiana, au siki nyeupe iliyopunguzwa kwa maji kidogo. Limau hubadilisha ladha, na sosi itakuwa nzuri, ila haitakuwa mojo wanayoijua watu wa Tenerife.

Chakula hiki huliwa na nini?

Huliwa peke yake kama kitafunio cha kuanzia, au pembeni mwa samaki na nyama. Kwa desturi mojo ya kijani huenda na samaki, kama yule aitwaye vieja, na nyekundu huenda na nyama, lakini kwa viazi vyenyewe bakuli zote mbili huwekwa mezani, na kila mtu huchagua. Watu hukishika kiazi kwa vidole, hukibonyeza kifunguke kidogo, kisha hukichovya. Huko kaskazini mwa Tenerife viazi hivi hupatikana katika guachinche, ambazo ni nyumba za chakula za wakulima zinazouza mvinyo wa shamba lao na vyakula vichache vya nyumbani. Katika sancocho, mlo unaohusishwa sana na Ijumaa Kuu, samaki wa chumvi aliyelowekwa na kuchemshwa huandaliwa pamoja na viazi mviringo, viazi vitamu, mojo na gofio, unga wa nafaka zilizokaangwa ambao umekuwa chakula cha visiwa hivyo tangu kabla ya kuja kwa Wahispania.

Viazi vyenye rangi ya kijani au vilivyochipua vinaweza kutumika?

Hapana. Rangi ya kijani ni alama kwamba kiazi kimepigwa na mwanga, na katika hali hiyo sumu ya asili iitwayo solanini huongezeka, hasa katika ganda na karibu na macho. Kuchemsha hakuiondoi. Katika mapishi mengine mtu angemenya sehemu hiyo na kuitupa, lakini hapa ganda ndilo linaloliwa, kwa hiyo kiazi cha namna hiyo kiachwe kabisa. Hifadhi viazi mahali penye giza, pakavu na penye hewa.

Mojo hukaa kwa muda gani?

Iweke katika chupa ya glasi iliyo safi na kavu, ndani ya friji, na uitumie ndani ya siku chache. Ile nyekundu hustahimili hadi wiki moja, ya kijani hupoteza harufu yake mapema zaidi. Isiachwe mezani kwa siku nzima katika joto. Kitunguu saumu kibichi kilichozama katika mafuta bila hewa ni mahali ambapo bakteria wa botulizimu wanaweza kukua, na ingawa siki hupunguza hatari hiyo, kiasi kinachotiwa hutofautiana kutoka jiko moja hadi jingine. Unaweza pia kutwanga rojo ya pilipili, kitunguu saumu na jira bila mafuta, ukaigandisha katika friza kwa vipande vidogo, na kuongeza mafuta na siki siku ya kula.

Viazi vilivyobaki nivifanyeje?

Usivirudishe ndani ya maji. Vikate katikati, uvikaange kwa mafuta kidogo upande uliokatwa ukiwa chini mpaka upate rangi ya dhahabu, na uvile kwa mojo ileile. Kwa kuwa ganda bado lina chumvi, mayai yatakayokaangwa pamoja navyo yasiongezwe chumvi yoyote.